Breki ya Mkono Chini ya Kidole

2 Novemba

Siku nikifa, kaunti nzima ya Donegal, hapa Ayalandi, itasimama, na watu watataka kujua niliishi vipi. Kwa hiyo naandika mwenyewe mapema, wasije wakaandika watu wasiojua gari. Mimi, Malachy Gildea, ndiye niliyeifundisha rasi hii ya Inishowen kusereresha gari. Kabla yangu watu wa hapa walikuwa wanaingia kona kwa pua, kama wanaingia kanisani. Mimi ndiye niliyewaonyesha kwamba kona inaingiwa kwa ubavu, tairi za nyuma zikifuka moshi na dereva akitazamia dirisha la pembeni. Mwaka wa tisini na nne nilishuka mlima wa Mamore kwa ubavu toka juu hadi chini, ndani ya Corolla, ukungu umetanda, na kondoo amelala juu ya boneti. Kondoo hakuamka.

Leo mvua.

3 Novemba

Mvua.

5 Novemba

Sorcha yuko matatani. Sorcha ni binti wa dada yangu Dympna, na mimi ni jirani yao, ukuta kwa ukuta. Ana miaka ishirini na sita. Mchana anafunga samaki kiwandani bandarini, jioni anajifungia chumba cha nyuma na gemu lake la magari. Amejiundia kiti, usukani, pedali tatu na breki ya mkono ya bomba la maji, mbele ya runinga kubwa. Humo anapanga magari ya kuserereka: upepo wa tairi, ugumu wa springi, pembe ya magurudumu, kila kitu kwa namba. Halafu anashindana na watu wa kaunti nyingine kwa mtandao.

Ligi ya majira ya baridi ni ya timu za watu wawili. Mwenzake alikuwa binamu yake Fiachra, naye Fiachra kaondoka juzi kwenda kwenye machimbo Australia. Asipopata mwingine kabla ya Ijumaa, anatolewa. Na mwaka huu si wa kutolewa, kwa sababu Cathal Toland, yule mwenye timu ya magari ya kweli, amesema hadharani kwamba atakuja kwenye fainali. Hatafuti dereva, anao wengi. Anatafuta mtu wa kumpangia magari, kazi ya mshahara. Sorcha anaitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Anataka mikono yake iache kunuka makreli.

Haya yote yalizungumzwa baa, na mimi nikiwepo.

"Mbona Fundi Mkuu yupo," akasema Hughie Doak, dereva wa gari la mikate. "Malachy, si ulituambia kusereresha kwako ni rahisi kama kupanda baiskeli?"

"Rahisi kuliko baiskeli. Baiskeli inahitaji pumzi."

"Basi msaidie mtoto wa dada yako."

"Nilikuwa nasubiri niombwe."

"Haya, sisi tunakuomba. Watu wote wa baa hii tunakuomba."

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

6 Novemba

Sorcha alinifungulia chumba cha nyuma.

"Mjomba, umewahi kucheza gemu?"

"Nimeendesha kitu chenyewe, mwanangu."

"Nimeuliza gemu."

"Hiyo ni picha tu ya kitu ninachokijua."

Akanionyesha ukurasa wenye namba za gari. Nikamwambia aache mambo mengi, aweke tu mifuko miwili ya saruji kwenye buti, mkia utulie. Akasema gemu halina saruji. Nikamwambia basi waliolitengeneza hawajui gari.

Nikakaa kwenye kiti. Nilizunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala.

"Unaukaba usukani, Mjomba. Uachie. Gari likianza kuserereka, usukani unarudi wenyewe, mkono wako uuache upite. Ukishindana nao, utakushinda."

Nikasema kiti ni kifupi.

19 Novemba

Asubuhi nilipishana na gari la Hughie kwenye kona ya kiwanda cha maziwa. Niliinua kidole kutoka kwenye usukani kumsalimia, kama mtu yeyote mwenye adabu. Yeye huinua viwili siku zote. Leo hakuinua hata kimoja. Siku yangu iliharibika. Nilijiuliza nimemkosea nini, nikarudi nyuma mpaka ule mkutano wa maji wa kijiji.

Jioni ikajulikana alikuwa anakula keki.

27 Novemba

Tumeshinda raundi ya kwanza. Mchezo uko hivi: wawili wanaingia kona pamoja, mmoja anaongoza, mwingine anamganda nyuma kama kivuli, halafu wanabadilishana. Waamuzi wanatazama nani kalaza gari zaidi na nani kamganda mwenzake bila kumgusa. Sorcha alimganda kijana wa Sligo mpaka nikaona aibu kuangalia, kama nimefungua mlango nikakuta watu wanabusiana. Mpinzani wangu mimi alijigonga mwenyewe kwenye kona ya pili.

Baa nimesema nilimchosha.

5 Desemba

Hughie kaanza. "Mheshimiwa, tunasikia gari linapangwa na mtoto, wewe kazi yako ni kukalia kiti."

"Ushauri ni wangu."

"Ushauri upi? Saruji?"

Sorcha kawaambia kuhusu saruji. Walicheka hadi mwenye baa akaweka glasi chini.

8 Desemba

Dympna na Sorcha wamekwenda mjini Letterkenny kununua vitu vya Krismasi, kama wanawake wote wa Inishowen siku ya leo. Waliniachia ufunguo nilishe paka.

Nimemlisha paka. Kisha nikakaa kwenye kiti, nikafungua ukurasa wa namba. Nikaongeza upepo wa tairi za nyuma, kwa sababu Corolla yangu niliijaza hadi ikawa ngumu kama mpira wa kikapu. Nikalegeza springi. Nikapunguza pembe ya usukani, kwani huyu mtoto anaikunja kupita kiasi. Nikaendesha peke yangu, hakuna mpinzani, hakuna mwamuzi, na ilikuwa raha tupu, mkia unapepea. Nikabonyeza hifadhi. Gemu likaniuliza kama nina hakika.

Nikaliambia nilianza kusereresha gari kabla halijazaliwa.

12 Desemba

Leo nitaandika sana na sina hamu ya kuandika.

Raundi ya pili, dhidi ya wawili wa Tyrone. Sorcha alianza kwa kuganda. Kona ya kwanza tu gari lake lilikwenda kama ng'ombe kwenye barafu. Mkia ulimtoka, akaurudisha, ukamtoka upande wa pili, akapitwa. Kona ya tatu alikuwa anatazama alikotoka. Nilisimama nyuma yake na kikombe cha chai, na nilijua. Nilijua kabla hajafika kona ya pili.

Sheria inatoa dakika tano kati ya mbio na mbio. Sorcha hakufungua ukurasa wa namba mara moja. Alifumba macho, mikono bado iko kwenye usukani, akawa anayasogeza mabega yake kushoto na kulia, polepole, kama anayajaribu.

"Nyuma kuna upepo mwingi," akasema, akiongea na nafsi yake. "Na imelegea. Na pembe haifiki."

Vitatu. Alivitaja vyote vitatu, macho yamefumbwa, kwa jinsi vilivyompita mabegani. Ndipo akafungua ukurasa, akazikuta namba zangu, akazirudisha zake kwa kichwa. Mbio za pili alimmeza yule wa Tyrone. Tukapita kwa nukta moja ya mwamuzi mmoja.

Alipovua vipokea sauti akageuka.

"Mjomba, umegusa gari langu?"

Hakuuliza kwa ukali. Angeuliza kwa ukali ningesema ndiyo, nadhani. Aliuliza kama anavyouliza kama nimemlisha paka.

"Mimi? Labda gemu limejibadilisha lenyewe. Si juzi lilikuwa linapakua kitu?"

"Kweli lilikuwa linapakua kitu," akasema.

Na akaniamini.

13 Desemba

Dympna alinipa viazi na kabeji na nyama ya nguruwe. "Malachy, mtoto anasema gemu limemharibia kazi. Anakagua gari moja moja, yote aliyoyapanga tangu mwaka juzi. Hajala."

"Mitambo ya siku hizi," nikasema.

"Eti mitambo." Akanitazama. Dada yangu alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, huwa ananitazama kama bado niko huko nyuma na ananisikia ninachofanya. "Ongeza kiazi," akasema.

Sikuweza kukimaliza. Nimeandika hapa kwa sababu haijawahi kutokea.

25 Desemba

Krismasi. Sorcha kanipa glavu za kuendeshea, za ngozi. Zinanienea kabisa.

9 Januari

Nimevunja breki ya mkono. Niliivuta kama ya trekta, bomba likatoka na skrubu zake. Sorcha alikaa sakafuni akikiangalia kipande.

"Ya pili hii, Mjomba."

"Chuma kilikuwa kibovu."

"Nilikuwa nimekiunga mimi."

"Basi sikusema kibovu. Nilisema kizuri ila kimechoka."

11 Januari

Sorcha katengeneza breki nyingine. Kachukua kitufe cha kengele ya mlango wa marehemu bibi yake, kakichomea waya kwa risasi ya kuyeyusha, kakifunga kwenye usukani, mahali kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia kinapokaa. Si cha kuvunjika hicho, kwa sababu hakivutwi.

"Ukikibonyeza, breki imeshika. Ukikiachia, imeachia. Unaingia kona umekibonyeza, na hukiachii mpaka pua ya gari imeelekea ndani. Ukikiachia mapema, gari linanyooka na unakwenda ukutani. Kwa hiyo kidole hakitoki. Umenielewa, Mjomba?"

"Kidole changu kina nidhamu."

"Kirudishe basi, umeshakitoa unaongea."

23 Januari

Raundi ya tatu tumeshinda. Upepo mkali, umeme ulikuwa unapepesa, na bati la banda langu limekwenda kwa jirani yetu Quigley.

Nimeanza kuingia kona. Naandika bila chumvi: nimeanza. Sorcha kanipangia gari la peke yangu. Si kama lake. Kalilainisha mbele, kakaza difu ili magurudumu ya nyuma yazunguke pamoja, kapunguza nguvu za injini bila kuniambia. Niligundua kwa sauti. Nilitaka kulalamika, halafu nikaona kwamba kila kosa ninalolifanya yeye alikwisha kulitengenezea nafasi mle ndani. Nikichelewa, gari linanisubiri. Nikiwahi, linanivumilia. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama kwa makini kiasi hicho, na sikujua nilikuwa natazamwa.

2 Februari

Tunafanya mazoezi kwenye barabara ya mlimani ya gemu, ndiyo ya fainali. Upande mmoja korongo, upande mwingine ukuta mdogo wa mawe, na ng'ambo ya ukuta kuna barabara nyingine ambako gemu lenyewe linapitisha magari matupu, hayana mtu ndani.

"Usiyaangalie, Mjomba. Ni pambo tu."

Mvua.

20 Februari

Nusu fainali tumeshinda. Watu wananisalimia madukani.

22 Februari

Cathal Toland alikuwa anajaza dizeli kwenye kituo cha mafuta, na mimi nilikuwa nimesimama tu. Ni mtu mrefu, mpole, anaongea kama analipia kila neno.

"Nimeangalia mbio zenu," akasema. "Hayo magari. Yanaserereka kama siagi kwenye kikaango. Nani anayapanga?"

Jibu lilikuwa neno moja. Sorcha. Hata mtoto mchanga angeweza kulitamka.

"Ah," nikasema, "tunasaidiana. Mkono wangu umo."

Akanitazama, akafunga tangi. "Nitakuja fainali nikaone," akasema.

Niliendesha kurudi nyumbani nikiinua kidole kwa kila gari, na kila gari likiniitikia, na kila lilipoitikia nilijiona mwizi.

1 Machi

Nimekwenda kwa Sorcha nimwambie kuhusu Toland. Nilimkuta ana homa ya mafua na anafanya mazoezi na kitambaa shingoni. Nikamwambia tu kwamba Toland anakuja kwa uhakika. Alifurahi mpaka akapiga chafya.

8 Machi

Fainali. Ukumbi wa parokia, runinga kubwa ukutani, viti vimejaa, chai na mikate ya soseji mezani. Wapinzani wetu walikuwa wawili wa familia ya Treanor kutoka Monaghan, walioleta usukani wao wenyewe kwenye sanduku kama fidla. Toland alikaa mstari wa mbele, kofia gotini.

Sorcha alitangulia. Sitaweza kueleza, na mimi ni mtu anayeweza kueleza chochote. Aliliingiza gari kona ya kwanza akiwa amelilaza hadi ukaona milango yote miwili ya ubavuni, na halikunyanyuka tena mpaka chini, kona inatoka mkononi mwa kona. Hata Hughie aliacha kutafuna. Nilimwona Toland akiinama mbele, akitazama si skrini bali miguu ya Sorcha, halafu mikono, halafu akatabasamu peke yake.

Ilibaki zamu yangu. Nilihitaji kitu kimoja tu: kushuka bila kugonga. Hata ningepata alama za huruma, kombe lilikuwa letu.

Nilivaa glavu. Nilikuwa nikiongoza, Treanor mkubwa nyuma yangu. Kona ya kwanza nzuri. Ya pili nzuri. Nilisikia watu wakisema "Oo" kwa heshima, na walikuwa wanasema kwangu. Kisha ile kona ya darajani, ambayo inageuka hadi unadhani unarudi nyumbani. Niliingia, kidole kimebonyeza, mkia umetoka vizuri.

Na gari likanyooka likaenda ukutani, na Treanor akanipitia juu.

Nikasikia sauti yangu.

"Breki," nikasema. "Breki imekata. Waya umekatika."

Toland alisimama, akaja, akainama kwenye usukani. Akakigusa kitufe. Akafuata waya kwa kidole mpaka kwenye risasi.

"Nani alikichomea hiki?"

"Mimi," akasema Sorcha.

"Ee," akasema Toland. Akavaa kofia yake, akamuaga padri, akatoka.

Nilipokuwa namwambia kituoni mkono wangu umo, kazi ilikuwa nzuri. Leo ilipoharibika, mkono wangu haukuwemo.

9 Machi

Sorcha kaufungua usukani juu ya meza ya jikoni. Anatafuta mahali palipokatika.

10 Machi

Kakirudisha kitufe kwenye sanduku lake la kengele ili akijaribu. Nasikia kupitia ukuta. Anabonyeza, kengele inalia. Anatikisa waya, anabonyeza, kengele inalia. Anauweka waya kwenye jokofu, anautoa, anabonyeza, inalia.

11 Machi

Inalia.

12 Machi

Kengele haijakosa hata mara moja. Dympna ametoka kwenda kwa Quigley kupumzisha masikio. Nimekaa upande wangu wa ukuta na glavu mapajani.

Hughie alileta mkate na habari. "Toland anasema binti ana macho mazuri ila hawezi kumtia dereva kwenye gari lililofungwa waya na mtu ambaye waya zake zinakatika. Anafikiria kumchukua yule Treanor mdogo. Pole kwa Sorcha. Nawe pole, Mheshimiwa, ulikuwa unakwenda vizuri."

Hakutania. Angetania ningepona kidogo.

15 Machi

Sorcha amerudi kiwandani kwa zamu mbili. Kabla ya kuondoka alinigongea.

"Mjomba, nisamehe," akasema. "Ulikuwa unaendesha vizuri. Nimekuangusha mbele za watu."

Nikamwambia si kitu.

Si kitu. Niliyasema maneno hayo kwa mdomo huu.

17 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Patriki. Maandamano yalipita kwenye mvua: matrekta, watoto wa ngoma, gari la Toland juu ya trela. Baada ya hapo kila mtu aliingia baa na koti lake linachuruzika. Toland yupo. Hughie yupo. Dympna yupo na chai yake. Sorcha alikuwa karibu na mlango, bado na buti za kiwandani.

Nilisimama. Watu wakadhani nataka kusimulia, wengine wakageuka kabla sijaanza.

"Toland," nikasema. "Ile breki haikukata."

"Unasemaje?"

"Waya ni mzima. Kitufe ni kizima. Mtoto amekibonyeza wiki nzima, kengele inalia kama ya kanisa. Mimi ndiye niliyekiachia. Niliinua kidole."

"Kwa nini uliinua kidole?"

Hapo nilitamani mlima wa Mamore uniangukie.

"Nilisalimia," nikasema.

Ukasikia mvua juu ya barabara na mtoto mmoja nje bado anapiga ngoma.

"Ulimsalimia nani?" akauliza Hughie, taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja yai.

"Treanor. Nilimwona kwenye kioo, tukiwa tunaingia kona. Kidole kikainuka chenyewe."

Basi. Siwezi kuandika kicheko kile. Mwenye baa aliinama chini ya kaunta na hakuonekana. Hughie alikuwa analia machozi, anapiga meza. "Alimsalimia. Jamani, katikati ya kona. Ulitaka akujulishe hali ya ng'ombe wake?"

"Nimelelewa vizuri," nikasema.

"Na yule kondoo wa boneti, naye ulimsalimia?"

"Kondoo msimguse. Kondoo alikuwepo."

Toland pekee hakucheka. Alinitazama kwa muda, kama aliyetaka kuuliza kitu kuhusu kioo, halafu akaacha.

"Baba yangu," akasema, "aliingiza trekta mtaroni akimsalimia askofu." Akanywa kidogo. "Nani aliyapanga magari?"

"Yeye. Yote. Mimi niligusa siku moja tu, Desemba, na nusura tutolewe."

Sikumtazama Sorcha, lakini nilimsikia.

"Desemba," akasema.

"Desemba, mwanangu. Gemu halikujibadilisha."

Toland akageukia mlangoni. "Sorcha. Huyu Treanor mdogo sijamjibu. Njoo gereji Jumamosi asubuhi. Njoo na chuma chako cha kuchomea, nikuone ukifanya kazi." Hakusema zaidi. Kwake hayo yalikuwa hotuba.

Sorcha alinirudisha nyumbani kwa gari lake. Tukavuka daraja la pili.

"Nilikagua magari yangu yote, Mjomba. Desemba nzima."

"Najua."

"Wiki hii nimejiunguza vidole vitatu."

"Najua."

"Unajua. Ulikuwa upande wa pili wa ukuta." Akabadilisha gia. "Nitakusamehe, lakini si leo. Leo nimechoka."

Gari la Quigley likatokea mbele. Sorcha akainua kidole, Quigley akainua chake. Mimi nilikuwa nimeikalia mikono yangu.

18 Machi

Jua, kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. Upande wa pili wa ukuta Sorcha anapiga mluzi na kitu kinanukia risasi iliyoyeyuka.

Huwezi kumwona mtu kwenye kioo katika gemu lile. Gari langu halikuwa na kioo, Sorcha alikiondoa Januari kwa sababu nilikuwa najitazama. Treanor sikumwona kabisa. Nililoliona lilikuwa ng'ambo ya ukuta wa mawe, gari dogo jeupe, moja la yale ya pambo, mraba nyuma kama gari la mikate la Hughie. Ndani hakuna mtu. Nilijua hakuna mtu, niliambiwa. Nikalisalimia.

Na lilivyopita bila kuniitikia, kabla hata sijagonga ukuta, niliumia.